Diski Iliyokufa na Majina ya Ukoo

Nilikuwa kwa fundi wa kompyuta hapa Ruiru, nikingojea printa yangu. Mbele yangu walikuwa mwanamume wa makamo na shangazi yake. Laptopu yao ilikuwa na majina ya ukoo, ambayo mwanamume huyo aliyaandika akisimuliwa na mzee ambaye sasa ni marehemu. Jumamosi familia ingekutana kuyasikia.

Fundi aliiwasha kwa mfumo ulio kwenye flashi yake, akawageuzia skrini. "Mashine ni nzima. Lakini hapa tungeona flashi yangu na diski ya ndani. Mnaona flashi peke yake. Nimejaribu mara tatu."

"Si uitoe hiyo diski uiweke kwa kompyuta ingine?" mwanamume akauliza.

"Hii haitoki, imechomelewa kwa bodi. Imekufa na vitu vyake."

Mwanamume alifunika uso. Shangazi akavuta stuli, akakaa.

"Mvulana wa kwanza wa babu yako aliitwa nani?" akamuuliza.

Akamtaja.

"Basi hilo ndilo jina la baba ya babu yako, maana kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Mvulana wa pili amebeba jina la babu mzaa mama, yaani baba ya nyanya yako. Andika."

Wakapita nyumba baada ya nyumba, fundi akiwashikia karatasi, mpaka kwa mvulana mmoja aliyepewa jina la padre.

"Hapo tumepoteza mtu," shangazi akasema. "Walitaka kumfurahisha padre."

Waliondoka wametosheka, na pengo moja tu. Ndugu msomaji, weka nakala ya kazi yako mahali pengine. Na kabla ya kumwita mtoto jina la mchezaji wa mpira, uliza ni babu gani unamfuta.