Ukuta wa Kati wa Nyumba ya Shamba

Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu hapa ughaibuni, mtaani Naif, ni kutoka chumbani mpaka jikoni, na njiani napumzika sebuleni. Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu, injinia wa majumba ya vioo, alipokunjua ramani ya nyumba yetu ya shamba la karafuu kule Unguja, hakuna aliyeniuliza kitu. Kazi yangu ilikuwa kugawa halua.

Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula, nyumbani kwake Jumeirah Village Circle, nilikopelekwa kwa kubembelezwa. Nyumba ya shamba imechoka, na ukoo ulimkabidhi yeye aitengeneze. Kwenye ramani alikuwa ameufuta ukuta wa kati wa chini, ili vyumba viwili vyembamba viwe ukumbi mmoja.

"Huo hauondoki," nikasema. "Ghorofa itaanguka."

"Shangazi, huo wa kugawa vyumba tu. Na wewe hata Al Quoz kwa wauza vifaa vya ujenzi hujafika, leo umeshakuwa kontrakta?"

"Sijafika. Kuna jua huko."

Wakacheka wote, na kaka yangu ndiye aliyecheka zaidi.

Lakini mimi nililelewa na bibi, na bibi alinisimulia nyumba ile jiwe kwa jiwe. Kuta nene za matumbawe, zimeshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Juu yake boriti za mikoko, na juu ya boriti mawe na chokaa tena. Mkoko una urefu wake, huubembelezi ukarefuka. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba. Upande mmoja wa ukoo wetu uliimiliki nyumba ile. Upande wa pili uliijenga, watumwa, hawakuulizwa wanataka au hawataki. Bibi yake bibi alikuwa kati ya wanawake walioipiga sakafu ya juu kwa magongo, siku baada ya siku, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka chokaa ikawa kama jiwe. Bibi alijivunia mikono ile kuliko hati za shamba. Na mimi vilevile.

Nikapanga maboksi matatu ya tende juu ya ramani. Nikalaza vijiti vya mishikaki, safu mbili, ncha zikikutana kwenye boksi la kati. Juu yake nikaweka sahani ya halua.

"Yalla, haya, injinia. Toa ukuta wako."

Akalivuta boksi la kati. Halua ikamwagikia ramani yote.

"Vijiti vyako vifupi, Shangazi."

"Na boriti je?"

Kaka yangu akaacha kucheka. "Hakuna kuvunja kitu," akamwambia mwanawe, "mpaka uende ukabandue lipu uone."

Wiki mbili baadaye akapiga simu ya video kutoka Unguja, nywele nyeupe kwa vumbi la chokaa. Akageuza kamera kwenye tundu alilolichimba juu ya ukuta.

"Boriti zimelala hapa, Shangazi. Ncha za pande zote mbili. Ningeutoa, sakafu yote ya juu ingeshuka."

"Kwa hiyo?"

"Ukuta unabaki. Nimeshachora upya."

Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, nikaongeza sauti ya simu mpaka mwisho.

"Hebu rudia, mwanangu. Baba yako yuko jikoni, hajasikia."