Macho Mekundu Ukutani

Juzi mjukuu wangu alinionyesha mchoro wa msichana aliyemtunga mwenyewe, maana anapenda katuni za Kijapani. Macho makubwa kama visosi. Nikamfokea afunge daftari, na tangu hapo sijatulia.

Nilikuwa mdogo, kijijini Maganzo, jirani na mgodi wa almasi, nilipoziona katuni hizo kwenye video, dukani kwa Mhindi. Mchana huohuo nikatunga shujaa wangu, anayeona almasi hadi chini ya ardhi. Nikamchora kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba ya bibi, macho nikayapaka udongo mwekundu. Bibi alikuwa jikoni anakohoa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe aliyopikia.

Jirani akasimama, akamwita mama. “Mama Kulwa, kumbe hata mtoto kayaona macho ya mkweo?”

Mama alikuja mbio na ndoo, akasugua huku analia. Nikadhani analilia ukuta aliousiriba juzi.

“Ni shujaa wangu huyo!”

“Nyamaza! Unataka bibi yako akatwe mapanga?”

Sikujua kwamba kwetu kikongwe mwenye macho mekundu alisemwa mchawi.

Bibi akatoka, macho yamewiva kwa moshi. “Mnafuta nini?”

Mama akazidi kusugua. Kesho yake bibi alipelekwa kwa shangazi, mbali kule Ushirombo. Mimi nikamfungia karanga, nikidhani anakwenda kusalimia tu.