Filamu ya Kifaransa Iliyofunga Banda la Lituhi

Wendelin hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji ya kunywa, lakini nani pale Lituhi angembishia? Alikuwa amepima kahawa ya chama cha msingi cha ushirika huko milimani Mbuji miaka kumi na minne, mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao, yeye akabaki na kalamu sikioni. Ndipo akateremka Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, kushika maikrofoni katika banda la video la Azizi, kutafsiri filamu. Kichina alikitafsiri, Kihindi alikitafsiri, na Wachina wenyewe wangeshangaa kumbe wana maneno mengi hivyo.

Mwaka wa tisini na saba, mzungu mmoja mpima barabara alisahau kanda ya Kifaransa gesti ya Mbinga. Wendelin akaipata, akaitazama mara tatu peke yake.

"Bwana Azizi, hii ndiyo filamu," alisema. "Wale wa ngumi wanakupigia ngoma kabla ya teke, ili ushtuke. Mfaransa hapigi ngoma. Anaweka kamera nyuma ya mama anayemenya viazi, anakuachia mgongo wake. Uusome mwenyewe."

"Mgongo?" Azizi, mtu wa Kilwa, hakupenda mafumbo. "Mzee Wendelin, watu wakitoka kabla haijaisha, maikrofoni naikabidhi kwa mwingine. Kuna mmoja kule Kitai anaisubiri."

Jumapili baada ya misa banda likajaa. Kwenye kioo yule mama alimenya viazi, akaweka sahani mbili mezani, akakaa. Koti la mwanamume lilining'inia mlangoni. Dakika tano nzima, hakuna neno.

"Mjomba, ngumi ziko wapi?"

"Zinapikwa," alijibu Wendelin. Wakacheka.

"Basi aolewe, tuone hata harusi."

Mabenchi yakaanza kulia. Wawili wakasimama. Wendelin alikuwa na uongo wake tayari: mume yuko njiani, ana bastola, kaeni muone. Akavuta pumzi, na hapo akamwona Kunigunda ameegemea ukuta wa nyuma.

Mtumbwi wa Ignatio, mume wa Kunigunda, ulipotea ziwani mwaka uliopita. Maiti haikuonekana. Wakwe walikataa matanga: hakuna mwili, hakuna kilio. Lituhi nzima ilijua kwamba kila jioni bado anampakulia mumewe ugali.

Kwenye kioo, yule mama alichukua sahani ya pili, akairudisha kabatini.

"Harudi," Wendelin alisema kwenye maikrofoni. "Amezama. Mkewe ndiyo kwanza amekubali."

Kunigunda akatoa sauti moja, ndefu. Wanawake wakaacha mabenchi, wakakaa chini kumzunguka, miguu wameinyoosha. Wanaume wakavua kofia. Waliosimama wakakaa. Kanda iliisha, kioo kikabaki na chenga tupu, na bado walikaa.

Jumatatu Azizi akaweka ya ngumi. Jenereta ikanguruma, hakuja mtu. Jumanne vivyo hivyo. Nani aende kuchekea palipowekwa matanga?

"Hakuna aliyetoka," Wendelin alijitetea. "Ulisema wasitoke."

"Na sasa hakuna anayeingia. Umenifanyia nyumba ya msiba, mzee wangu." Azizi akanyoosha mkono. Wendelin akampa maikrofoni.

Kesho yake asubuhi, akisubiri lori la Mbinga, alimwona Kunigunda akija, kichwa amenyoa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Yule mama, sahani ya mumewe aliigawia watu?"

"Hapana. Iko kabatini."

"Na koti?"

"Koti lilining'inia mpaka mwisho."

"Basi na la Ignatio nitaliacha mlangoni," Kunigunda alisema, akarudi nyumbani.