Maziwa Kabla ya Damu

Baba yangu si mtu wa kumkaidi daktari. Akiambiwa vidonge viwili baada ya chakula, atameza viwili, na atakuuliza kama ule uji nao unahesabika kuwa chakula. Kwa hiyo muuguzi aliponiita pembeni akanionyesha kile kijichupa cha damu yake, kwanza niliona haya, halafu nikapandwa na hasira.

Madaktari walikuwa wameona uvimbe kwenye kongosho lake. Ulikuwa umekaa pabaya, karibu na mishipa mikubwa, na kuuchoma sindano ili wachukue kipande kulikuwa na hatari. Kumpasua mzee wa umri wake bila uhakika hawakutaka. Kuuacha, kumbe ni saratani, ndiyo kumpoteza. Daktari akatueleza kwamba kuna kipimo kipya, bado kinafanyiwa utafiti, na damu yake hupelekwa Kigali. Alisema seli za mwili hutoa vijifuko vidogo mno vinavyoelea kwenye damu, na ndani yake mna vipande vya RNA, yaani maagizo kutoka kwenye seli yenyewe. Seli ya saratani haitumi maagizo sawa na seli nzima. Wakiyasoma na kuyaweka pamoja na picha za tumbo, wataona kama kuna sababu ya kupasua. Sharti lilikuwa moja tu: aje na njaa, kwa sababu mafuta ya chakula nayo huelea kwenye damu, yakajichanganya na vijifuko hivyo.

Sasa hicho kijichupa kilikuwa kimetoka kwenye mashine ya kuzungusha damu. Chini palikuwa pekundu, na juu, mahali panapobaki maji ya manjano, palikuwa peupe. Muuguzi wala hakugomba. Alisema tu kwamba mzee amekunywa kitu chenye mafuta, turudi wiki ijayo.

Nikajua papo hapo ni nani. Mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yangu, anaishi Goma. Kila asubuhi huvuka mpaka wa Petite Barrière kuja upande wetu kuchukua maziwa yanayoshuka kutoka vilima vya Kanzenze akayauze kwao, na kabla ya kurudi humpitishia baba kikombe kimoja, kile kikubwa. Tulipofika nyumbani tulimkuta bado yuko uani anapanga vidumu vyake. Nilimvaa palepale. Nikamwambia kwamba kwake dawa ya kila kitu ni maziwa, na kwamba atatuulia mzee kwa mapenzi yake. Mimi nikishaanza, kunyamaza ni kazi. Alinisikiliza huku akikaza kifuniko cha kidumu.

"Mi nilimuachia kikombe yake kama siku zote," akasema. "Hakuna mutu aliniambia kama leo iko ya damu."

Nikafungua mdomo niendelee, baba akanikatiza. Alikuwa ameketi barazani, koti la kutokea bado mwilini.

"Mwache. Nilijua. Nilikunywa nikijua."

Nikamuuliza kwa nini. Kiswahili chake ni cha Karagwe, tulikoishi kabla ya kurudi nchini, na hakiharakishi.

"Nilitaka wiki moja zaidi," akasema, "ya kuwa mtu anayeumwa tumbo tu."

Lo, hasira yote ikaniishia. Nilimhurumia, nikakaa kwenye ngazi. Nikamwomba mama mdogo msamaha. Alijifuta macho kwa upindo wa kitenge, akasema ni kawaida yangu, akabeba maziwa yake akaondoka, maana Goma wateja walikuwa wanamngoja.

Wiki iliyofuata baba alikwenda na njaa. Mimi pia sikunywa chai. Safari hii muuguzi aliinua kijichupa kwenye mwanga, na juu palikuwa na manjano safi. Baba alikitazama kwa muda mrefu kuliko sisi sote.

Majibu yalipokuja, daktari alisema kipimo hiki peke yake hakiwezi kukata kauli, lakini ukikiweka pamoja na picha, dalili ni za saratani, na ingali ndogo. Watapasua. Baba hakuuliza kuhusu kufa. Aliuliza kama siku ya upasuaji nayo ni ya njaa. Akaambiwa ndiyo, hata maji asinywe.

Tulipotoka nje akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa mdogo.

"Siku hiyo ikikaribia uje ulale kwangu," akasema. "Ukae kati yangu na kile kikombe."