Matawi ya Bi Kuruthumu

Duka langu la ndoo na mabeseni liko mbele ya nyumba ya marehemu Mzee Sadalla, hapa Gerezani. Mlango wangu wa nyuma unatokea kwenye njia yao ya gari, kwa hiyo hakuna kinachopita pale nisikione. Wananiita Mama Lucky. Wengine wananiita Mchaga mwenye mdomo, nao hawajakosea sana.

Bi Kuruthumu, mjane wa Sadalla, si mwanamke wa kukaa. Kabla ya msiba alikuwa akibeba kanga begani na kuzizungusha Kariakoo yote, Mchafukoge hadi Ilala, kwa miguu, na jioni bado ana nguvu ya kunitania kwamba sisi Wachaga hata msibani tunafungua duka. Mume alipofariki akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Wifi yake, Badria, akahamia pale kumsimamia. Nasema kumsimamia kwa adabu tu, maana askari jela ana huruma kuliko Badria. Usichungulie dirishani. Usicheke kwa sauti. Mwanamume wa kando asikuone wala asikusikie. Mimi Mkristo, mambo ya eda si yangu kuyapanga, lakini macho ninayo. Yule mama alikuwa anakauka.

Kilichomponya ni ile njia ya gari. Tangu Mzee Sadalla aanze kuugua hakuna aliyegusa mkungu ulioko pale, ule mti wa kungu wanazookota watoto, na matawi yalikuwa yamejitandaza kutoka ukuta hadi ukuta, mengine yameinama hata gari lisingepita. Upande wa pili wa ukuta kuna ghorofa la mafundi cherehani, madirisha tele na vijana tele. Chini ya matawi yale hawakuona kitu. Basi kila alasiri, geti likishafungwa, Bi Kuruthumu alitembea pale, getini hadi uani, uani hadi getini, nami nimekaa mlangoni pangu tunapiga soga. Hata Badria alikosa la kusema.

"Mama Lucky," aliniambia siku moja, "isingekuwa hapa, mimi ningeshamfuata Sadalla."

Nikamkemea aache maneno hayo. Lakini hakuwa anatania.

Asubuhi moja nikasikia panga. Nilipotoka nikamkuta mwanamume juu ya mkungu, amejifunga kamba kiunoni, na tawi la kwanza limeshalala chini.

"Wewe! Nani kakutuma?"

"Shikamoo, mama. Naitwa Polycarp. Kazi kanipa mwenye nyumba, bosi Mudi. Kasema njia yote iwe nyeupe, gari lipite."

Mudi ni mdogo wake marehemu. Anakaa Mbagala na haonekani mpaka kuwe na jambo.

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma ya pazia la dirisha. "Mama Lucky, mwambie aache!" Na ya Badria ikaja juu yake: "Wifi, sauti! Una eda wewe!" Ya kwanza ikashuka ikawa mnong'ono, na hapo ndipo nikageuka mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili. Bi Kuruthumu ananong'ona dirishani, mimi nakwenda chini ya mti kutangaza, Polycarp anajibu, narudi dirishani. Ni pua na mdomo, na Polycarp anasikia kila neno kabla sijalifikisha, ila naye kalelewa, anasubiri nimwambie ndipo ajibu.

"Anasema haya matawi ndiyo pazia lake."

"Mwambie pole sana na msiba. Ila mimi nimetumwa."

"Anasema pole na msiba, ila katumwa."

"Nimesikia! Mwambie akate yanayogusa nyaya, mengine ayaache."

"Anasema ukate yanayogusa—"

"Mwambie bosi kasema yote."

Na wakati sisi tunapelekana hivyo, panga halikulala. Likashuka tawi, likashuka jingine, na kila lililoshuka lilifungua dirisha la ghorofa. Vichwa vikaanza kutokeza. Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa Badria kuliko kwa mwenye panga. Mtu anavuliwa nguo mchana kweupe, wewe unamwambia apunguze sauti!

"Mwulize," ikaja kutoka dirishani, "ni gari gani hilo? Gari la Sadalla tuliliuza akiwa hai."

Nikauliza. Polycarp akaliweka panga kwenye panda ya mti, akajifuta jasho. "Mimi najua ni lori la tofali, mama. Si eda ikiisha hapa panajengwa fremu za maduka? Bosi kasema shemeji yake atakuwa keshahama."

Hilo sikulipeleka. Halikuhitaji mkalimani.

Mlango ukafunguka. Bi Kuruthumu akatoka na nguo zake za eda, kanga kichwani, Badria akimvuta mkono kwa nyuma, akaja akasimama katikati ya njia, juani, mbele ya madirisha yote yale.

"Mwanangu, shuka," alisema.

Polycarp akageuza uso pembeni kwa heshima, akashuka, akaanza kukunja kamba yake.

"Umevunja eda!" Badria alilia.

"Nimekatazwa kutoka nyumbani kwangu, Badria. Sasa hapa si nyumbani?"

Badria akainamia simu iliyokuwa mkononi mwake, na hapo ndipo nilipotishika. Alikuwa anajua muda wote. Akainyanyua, kumbe Mudi alikuwa hewani tangu mwanzo anasikiliza, akaweka spika.

"Shemeji yangu," Mudi alisema, kwa upole hasa, "wala usijisumbue. Matawi yaliyobaki tuyaache. Nani atakugusa? Nyumba ya mume ndiyo pa kukalia eda, na sisi tuna dini. Kaa kwa amani. Ikiisha, tutaongea."

Ule upole wake ningeweza kuupiga kofi. Nyumba waliachiwa na baba yao, Sadalla na ndugu zake, na Bi Kuruthumu hakujaliwa mtoto. Fungu lake la urithi hata chumba halifiki. Kila mtu hapa mjini anajua "tutaongea" ya namna hiyo inaishia wapi. Inaishia kwa mjane kukaa na virago vyake nje ya geti, watu wakimwambia pole.

Kule juu mafundi walikuwa wamejaa madirishani. Nikamshika bega, nikamwambia, "Bi Kuruthumu, turudi ndani, jua kali." Akasema nisubiri. Aliiangalia njia yake yote, majani yamelala mpaka uani, kisha akasema kwa sauti yake ile ya sokoni, bila kujali nani anasikia:

"Mama Lucky, kila nikisali nilikuwa naomba eda iishe nitoke. Sasa niombe nini?"

Akageuka, akaingia ndani, na mlango akaufunga mwenyewe.