Redio Aliyenyamaza Darasani

Jamani, tuliitwa shuleni tukaambiwa mtoto wa kaka yangu amekuwa bubu.

Bubu! Mtoto tunayemwita Redio! Nyumbani ukimkatiza anakuambia, "Shangazi, subiri, sijamaliza."

Kumbe darasani hafungui mdomo, anakodoa macho tu. Mwalimu mkuu alishasema akiendelea hivyo atarudia darasa.

Bahati nzuri shule ilikuwa imepata mshauri wa familia, mama mmoja mchangamfu aliyepewa stoo ya mipira iwe ofisi yake. Utaratibu wake ni mmoja: hamwiti mtoto peke yake, anaita nyumba nzima. Nami nikabebwa, maana naishi kwa kaka.

Tukakalishwa kwenye viti vya watoto. Magoti ya kaka yakamfika kidevuni. Mimi hoi kwa kicheko.

"Baba, wewe na mama mnazungumza?" mshauri akauliza.

Kaka akamgeukia Redio. "Mwambie tunazungumza."

Wifi naye hakukawia. "Mwambie baba yako aache uongo!"

Ndivyo tulivyoishi tangu wanuniane. Mwambie baba yako hiki, mwambie mama yako kile. Redio anapeleka, Redio analeta.

"Leo Redio yuko likizo," mshauri akasema. "Ambianeni wenyewe."

Wifi akajikohoza.

"Haya. Asante kwa ulivyosema juzi, kwamba ukiona viatu vyangu mlangoni moyo unatulia."

Kaka akatoa macho. "Nani, mimi? Si wewe uliyesema huwezi kula mpaka nirudi?"

"Thubutu! Nilisema chakula kikipoa shauri yako!"

Wote tukamgeukia Redio.

"Mlikuwa mnatuma maneno mabaya," akasema, macho sakafuni. "Nikawa natengeneza mazuri. Mwalimu akifundisha, mimi natunga ya jioni. Nachoka."

Kicheko kikaniisha. Iliniuma, siwafichi. Nakaa nao meza moja kila siku, nikidhani ni vichekesho.

Kaka akamtazama mkewe, uso kwa uso.

"Sikusema mimi," akasema taratibu. "Ila viatu vyako nikiviona, kweli moyo hutulia."

Wifi akalia na kucheka kwa pamoja. "Na mimi huwa sili. Najifanya tu nimeshiba."

Redio akashusha pumzi. "Mama mshauri, kwa hiyo naweza kwenda kucheza?"

Basi, darasa hakurudia. Ila muhula huu tumeitwa tena: Redio haachi kuongea darasani! Kaka na wifi walikwenda wanatabasamu utadhani wanafuata zawadi.

Ndugu zangu, mtoto akinyamaza shuleni msikimbilie fimbo. Kila shule ipewe mshauri wa familia, na akiwaita nendeni wote, hata shangazi anayecheka ovyo.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Mimi nimeona nyasi zinazoshinda zikipatanisha tembo, na kesho zina mtihani.