Mita Mbili na Robo

Mtaani walimwita Bi Pima, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na kwa kuwa hakununua kitambaa bila kukinyoosha mwenyewe kutoka kidoleni hadi begani huku mwenye duka akimkodolea macho. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitatu, mwajiriwa wa ofisi ya ramani katika kisiwa chao kidogo. Ukiondoa kilima kimoja chenye hospitali, kisiwa chote kilikuwa bapa kama sinia. Aliishi na baba yake, mchora mabango aliyestaafu akiwa na goti bovu na ulimi usiojua kustaafu.

Miaka ya karibuni bahari ilikuwa ikipanda, na barabara ya chini ilifunikwa kila maji makuu yalipojaa. Serikali ikatoa mpango wa maafa, kitabu kinene chenye mihuri. Kimbunga kikija, king'ora kitalia, na watu wote wa pwani wakimbilie ukumbi wa mikutano. Baba yake aliombwa achore mishale ya kijani kwenye kuta, kuanzia ufukweni hadi mlangoni pa ukumbi. Alichora thelathini na miwili. Akipita mtaani aliionyesha kwa fimbo kama mtu anayeonyesha wajukuu.

Siku moja Bi Pima alitumwa kupima mtaro karibu na ukumbi huo. Alimaliza mapema, akasimamisha ufito wake wa kupimia mlangoni na kuulenga kwa darubini yake, kwa udadisi tu. Kitabu kilisema sakafu iko mita nne juu ya bahari. Darubini ikasoma mita mbili na robo. Akajua amekosea mahali. Akapima tena, na kesho yake akaja mara ya tatu akianzia alama nyingine kabisa. Mbili na robo. Kitabu hichohicho, ukurasa wa kumi na saba, kilisema kimbunga kikubwa kingeinua maji mita tatu.

Alifunga sanduku la darubini, akarudi ofisini.

Aliandika karatasi moja, akaipeleka kwa mkuu wa idara. Mkuu aliisoma akiwa amesimama.

"Dada, nani amekutuma kupima ukumbi?"

"Hakuna, mzee. Lakini nimepima mara tatu. Nadhani waliandika kutoka ramani ya zamani."

"Mpango umeshapitishwa. Mwakani utapitiwa upya, hapo tutarekebisha. Sasa hivi ukianza kuwaambia watu ukumbi haufai, utawapeleka wapi? Utazua taharuki bure." Akaiweka karatasi chini ya kikombe cha chai.

Alipaswa kusema zaidi. Hakusema. Alikuwa na ulimi mzito mbele ya wakubwa, na alihitaji kazi yake. Kwa miezi saba aliishi na roho juu juu. Upepo ulipobadilika, aliacha sahani na kwenda dirishani. Kila asubuhi alitazama nguzo ya gati kuona maji yamefika wapi, halafu akajilaumu kwa kutazama. Baba yake alipomuuliza kwa nini anakonda, alisema ni tumbo.

Kimbunga kilikuja siku ya kazi, saa nne asubuhi, mbingu zikiwa na rangi ya masizi. King'ora kililia. Mkuu aliwaruhusu wafanyakazi waende kwa watu wao, na Bi Pima akakimbia viatu mkononi. Alikuta nyumba imefungwa vizuri. Fimbo ya baba haikuwapo. Jirani aliyekuwa akifunga mzigo akamwambia, "Mzee ametangulia ukumbini. Kasema yeye ndiye mwenye mishale, lazima afike wa kwanza."

Akageuka, akakimbilia ukumbini.

Ukumbini walikuwa zaidi ya watu mia mbili, wamekaa juu ya mikeka na mabunda ya nguo. Mtunza ukumbi, mzee mpole ambaye kila mtu alimwita Mjomba, alikuwa akigawa maji ya kunywa. Bi Pima alimwendea kwanza.

"Mjomba, hapa si salama. Sakafu iko chini mno. Twende hospitali sasa hivi, kabla barabara haijafunikwa na maji."

"Mwanangu, nimekabidhiwa funguo na mpango. Nikiwatoa watu nje kwenye mvua hii wakaangukiwa na mabati, nitajibu nini?"

Akajaribu kusema na watu. Sauti ilitoka ndogo, ikamezwa na kelele za upepo kwenye paa. Mwanamume mmoja akamwambia akae chini, asiwatishe watoto. Mwingine akasema, "Kama ulijua, mbona hukusema zamani?" Swali hilo lilimchoma.

Ndipo mwanamke mmoja akatoka chooni akiwa amepandisha gauni. Maji yalikuwa yanatoka kwenye tundu la sakafu, akasema, na yana chumvi.

Baba yake alikuwa ameketi karibu na jukwaa. Akamwita bintiye.

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu, baba."

"Huyu akipima mara moja mimi sibishi," aliwaambia waliokuwa karibu. "Kapima tatu. Nipeni mkono niinuke."

Alipoinuka yeye, wengi waliinuka. Walitoka wameshikana nguo, wazee katikati. Mjomba alibaki, pamoja na watu kumi waliokataa. Bi Pima alimvuta mkono, naye akautoa taratibu, akamwambia aende, watu wanamsubiri.

Njia ya hospitali ilikuwa kinyume na mishale. Maji yalikuwa magotini, meusi, yamebeba mbao na kuku waliokufa. Kila kona walikutana na familia nyingine zinazoufuata mpango, zikielekea kulekule walikotoka wao. Hapo mzee alisimama, maji yakimsukuma, akawazuia kwa fimbo.

"Mishale hiyo nimeichora mimi. Si sahihi. Geukeni, twendeni juu."

Wengine walidhani amechanganyikiwa, lakini walipoona kundi lote nyuma yake waligeuka. Bi Pima alimshika baba kiunoni. Alihisi goti lake likitetemeka kila hatua, na maji yalipofika mapajani aliacha kufikiri chochote ila hatua inayofuata. Nusu saa hiyo aliiona ndefu kuliko miezi saba.

Kutoka ghorofa ya pili ya hospitali, saa saba mchana, waliona mtaa wao umekuwa bahari, mapaa tu yakionekana. Watu hawakulia. Walihesabu watoto, wakahesabu tena.

Maji yalishuka kesho yake. Ukumbini yalikuwa yamepita madirisha, juu kuliko hata kitabu kilivyotabiri. Wanane walikutwa hai juu ya mbao za dari. Mume na mke wazee walikufa. Mjomba alikutwa karibu na mlango, funguo mfukoni.

Mkuu alikuja hospitali akiwa na matope hadi magotini. Hakujitetea. Alimwomba Bi Pima aandike tena ile karatasi, na safari hii aisome kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya kamati ya maafa. Bi Pima aliisoma. Alisoma hadi mwisho, pamoja na tarehe ya kwanza aliyopima na ukweli kwamba yeye pia alinyamaza.

Siku hizi kamati humtuma kupima kila jengo. Mjane wa Mjomba humsalimia wakikutana, wala hajawahi kumlaumu, na salamu hiyo ndiyo anayoiogopa kuliko lawama. Wiki iliyopita alipima hospitali. Jioni, baba yake akiwa amenyoosha mguu kitini, aliuliza imetoka ngapi.

"Sita na nusu."

"Basi tuna nafasi."

"Kwa sasa, baba," alisema, akainuka kufunga dirisha, maana upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka baharini.